Kiangazi Tulichoivua Mizabibu Majani

Juzi mmoja wenu alinijia na simu, akanionyesha mzungu mwenye kofia akipita katikati ya mizabibu yake, anavua majani kwa mikono miwili kama mtu anayenyonyoa kuku. "Mzee Sadiki," akaniambia, "na sisi tufanye hivi kabla kiangazi hakijakolea, zabibu zipate jua." Nilicheka mpaka meno yangu mawili ya mbele, ambayo ndiyo yaliyobaki, yakatikisika. Halafu nikaacha kucheka. Mimi niliwahi kufanya hivyo hivyo, tena bila simu. Ujinga wangu ulikuwa wa mikono mitupu.

Kwa hiyo kaeni, niwaambie. Nyinyi mna mipira ya kudondoshea maji, mna vyeti vya semina, mna fulana zilizoandikwa jina la ushirika wenu. Kitu ambacho sijaona kwenu bado ni mtu mmoja anayeinama kutazama chini ya jani.

Mimi si mtu wa shamba kwa kuzaliwa. Baba yangu alikuwa seremala Kamembe, karibu na msikiti, na mimi nilikuwa seremala wa kufuata baba, yaani msumari mmoja kidoleni mwangu, miwili kwenye mbao. Patron Anselme alinichukua kwenda kusimamisha nguzo. Huyu Patron alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mwenye duka Kamembe na rafiki wengi Bukavu. Alikuwa amesafiri Ulaya mara moja, wiki mbili, akarudi na kalenda yenye picha ya kishada cha zabibu nyeusi, kila punje kubwa kama yai la njiwa. Kalenda ile aliitundika dukani juu ya kichwa chake, na mwaka ulipokwisha hakuiondoa. Kisha akanunua mteremko upande wa Nyakabuye, pale unapoanza kushuka kwenda uwanda wa Bugarama na joto linakupanda miguuni, akasema atapanda mizabibu.

Nilisimamisha nguzo, nikafunga nyaya, nikabaki. Ndugu zangu wa msikitini walimwuliza mke wangu, Zaina, kama ni kweli mumewe anatengeneza pombe. Zaina akawajibu, "Mpaka sasa anatengeneza majani tu."

Na ilikuwa kweli. Miaka miwili tulikuwa na majani. Aliyetutoa kwenye majani ni Maman Nsimire.

Alikuwa Mushi, mtu wa kabila la Bashi, wa ng'ambo ya mto Rusizi, Zaire ya wakati ule, mjane, mfupi, mwenye sauti ya kutosha watu wawili. Ujana wake wote alikuwa amefanya kazi katika bustani ya mapadri huko kwao, na mapadri wale walikuwa na mizabibu. Hakujua kusoma. Siku ya kwanza alipofika alipita safu zote kuanzia juu mpaka chini, mimi namfuata na sekateri yangu mpya, ule mkasi wa kupogolea, nikiukata hewani kama kinyozi. Tulipofika mwisho akaniuliza:

"Nani alikata hii miti?"

"Ni mimi, Maman."

"Ulikuwa na kasirani na nani?"

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Hakukusifu, hakukupiga, ila jioni ulikuwa unarudi nyumbani ukiwa na maneno yake mwilini kama miiba ya mchongoma. Alinifundisha kuhesabu macho kwenye tawi kabla ya kukata. Alinifundisha kupogoa katikati ya masika, ili maua yapite mvua zikiwa zinakwisha na matunda yaive kiangazi, maana zabibu ikiiva kwenye mvua inaoza ukiitazama. Na kiangazi, alisema, ndicho kinachotia sukari. Ila kiangazi kina vipimo vyake, na mtu hawezi kukipima akiwa amesimama wima.

Basi tukaingia kwenye mwaka ninaotaka kuwaambia.

Mvua mwaka ule ziliondoka mapema, kama mgeni aliyesikia harufu ya ugomvi. Zabibu zilikuwa bado za kijani, ngumu, ndogo kuliko njegere. Kwa kawaida wakati huo ndipo zinapojaza tumbo. Maji yakikosekana hapo, punje haikui tena, hata ukiilea namna gani baadaye. Mfuko umeshashonwa mdogo. Maman Nsimire aliona siku ya kwanza kabla ya sisi wote. Mimi nilikuwa natazama majani, naona ni mabichi, nasema mambo mazuri. Yeye akashika ile mikia myembamba ambayo mzabibu unaitumia kujisokotea kwenye waya, akanionyesha imelegea, inaning'inia.

"Majani inadanganya," akasema. "Hii haijue kudanganya. Ikilala hivi, muti iko na kiu."

Tukaanza kazi. Kulikuwa na mfereji mdogo uliotoka kijitoni na kupita juu ya shamba, lakini yeye alitukataza kufungulia maji yatiririke ovyo. Alikusanya makopo ya mafuta, tukayatoboa chini kwa msumari, tukayafukia nusu karibu na kila shina, tunayajaza maji jioni, yanavuja polepole usiku kucha. Mkinionyesha mipira yenu ya kudondoshea natikisa kichwa tu. Mimi niliijua ikiwa bado kopo. Tena alituma watu chini uwandani kuomba mabua makavu ya mpunga, tukayatandika chini ya mizabibu ili ardhi isipasuke. Majirani walipita barabarani wakiuliza kama tunawatandikia wagonjwa.

Mizabibu ikashika. Punje zilikuwa ndogo, ndiyo, lakini zilianza kulainika na kugeuka rangi, na ganda lilikuwa nene, la buluu iliyokoza. Maman Nsimire aliridhika, yaani alipunguza kelele.

Hapo ndipo Patron Anselme alipokuja kutazama mali yake.

Alishuka garini na viatu vyeupe. Fikirieni, viatu vyeupe, kiangazi, barabara ya Nyakabuye. Pamoja naye alikuwa kijana mmoja aliyemwita Engeniya, kama kusema injinia, mpwa wa rafiki yake, aliyekuwa amesoma kilimo Ulaya na kurudi na kitabu kinene chini ya kwapa. Sikuwahi kumwona bila kile kitabu. Nadhani hata alipokula alikiweka kwenye kiti cha pili.

Patron akachukua kishada mkononi, uso ukamkunjamana. "Hizi ni nini? Hizi ni zabibu au ni dawa ya malaria?"

"Ni ndogo juu mvua ilienda mbio, Patron," Maman Nsimire akamwambia. "Lakini ni tamu. Ngoja."

Patron hakungoja. Alikuwa na karamu. Binti yake alikuwa anaposwa, wageni wakubwa walikuwa wanakuja kutoka Kamembe na Bukavu, na yeye alikuwa ameshawaahidi zabibu za kalenda. Alimgeukia Engeniya. Engeniya akafungua kitabu, akapiga ulimi, akasema kwamba tatizo ni kivuli. Majani ni mengi, yanakula chakula cha tunda na kulizuia jua. Yavuliwe yote yaliyozunguka vishada, pande zote mbili.

"Upande wa asubui, sawa," akasema Maman Nsimire. "Jua ya asubui ni ya kukausha umande. Lakini jua ya saa tisa inapika. Ule upande uache na majani yake."

"Mama, hii ni sayansi," akasema Engeniya.

"Hiyo kitabu yako iliandikwa na muntu mwenye kusikia baridi. Hapa hakuna baridi. Patron, ukifanya vile utapika zabibu yako ingali ku muti."

Sisi wafanyakazi tulicheka. Lilikuwa kosa letu la kwanza, maana Patron alitusikia. Alinitazama mimi, mwenye sekateri mkononi, akaniuliza jina langu kana kwamba hakuwa amelitumia miaka mitatu. Kisha akasema, "Sadiki, kuanzia leo wewe ndiye shefu wa timu. Unamsikiliza Engeniya."

Wajukuu zangu, naona aibu kuwaambia jinsi neno lile, shefu, yaani mkubwa wa kazi, lilivyonilewesha. Mimi ambaye sijawahi kuonja divai! Nilikwenda nyumbani nikitembea katikati ya barabara. Zaina alikuwa na mimba ya kwanza, miguu imevimba, nikamwambia, "Umeolewa na shefu." Akaniambia nikalete maji.

Kesho yake tulivua. Tulianzia safu za juu, tukavua asubuhi, tukavua jioni, mpaka vishada vikabaki vinaning'inia kama nguo za ndani kwenye kamba. Nilijua ni vibaya. Sitaki mtu aseme Sadiki hakujua. Maneno ya Maman Nsimire nilikuwa nayo masikioni, tena mikono yangu ilikuwa inasita kila nikigeuka upande wa magharibi. Lakini shefu hasiti mbele ya watu wake. Maman Nsimire yeye alichukua wanawake wawili akaenda safu za chini kabisa, na huko waliimba siku nzima, na tulipokwenda kuangalia tukakuta wamevua majani machache tu ya upande wa mawio. Nilimwambia, "Maman, Engeniya amesema pande zote mbili." Akanijibu, "Bado tunafika, shefu." Walikuwa bado wanafika mpaka kazi ikaisha.

Siku nne zilitosha. Upande wa magharibi wa kila kishada uligeuka kahawia, kisha punje zikakunjana, zikawa ngumu kama kokwa. Ukizigusa saa tisa mchana zilikuwa za moto kweli kweli. Ukizitafuna zilikuwa na ladha ya chai iliyochemka mara ya tatu. Upande wa mashariki wa kishada hicho hicho ulikuwa mzima. Kishada kimoja, nusu yake arusi, nusu yake matanga. Na ndege nao wakaja, wale wenye mikia mirefu, kwa sababu kiangazi kikikausha vijito ndege haji kwako kula, anakuja kunywa, na sisi tulikuwa tumemtolea vikombe vyote nje.

Engeniya alisoma tena kitabu chake. Patron akatuma ujumbe: karamu ni Jumamosi, zile zilizobaki zinenepe. Namna ya kuzinenepesha hakuitaja. Wenye mali hupenda kuachia wengine sehemu hiyo.

Nikamwuliza Maman Nsimire. Nilimwuliza kwa sauti ya kishefu, mikono nyuma. "Tukiipa mizabibu maji mengi sasa?"

"Usizubutu," akasema. "Ganda imekuwa ngumu juu ya jua. Ukileta maji mingi kwa mara moja, ndani inavimba, inje inakataa. Itapasuka. Kopo moja, jioni, basi."

Nikasema nimesikia.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Wakristo wote walikwenda misani, na shamba zima likabaki na mimi peke yangu, Muislamu na cheo chake. Nilikaa chini ya kibanda nikizitazama zile zabibu ndogo, nikaona jinsi Patron atakavyokuja na kukuta zimejaa, jinsi atakavyoniuliza nimefanyaje, na jinsi nitakavyosema kwa unyenyekevu wa uongo kwamba ni kazi kidogo tu. Nikapanda juu nikaondoa udongo na mawe yaliyoziba mfereji. Maji yakashuka kwenye safu za juu na za katikati, mazuri, yanang'aa, ardhi inayanywa kwa sauti. Niliyaongoza kwa jembe, matope mpaka magotini, nikiwa na furaha ya mtoto. Safu za chini hayakufika, mteremko ulikuwa umeyapeleka pembeni. Kabla misa haijatoka niliziba tena mfereji, nikanawa.

Jumatatu zabibu zilinenepa. Niwaambie ukweli, zilinenepa, nami nikapita katikati yake nikipiga mluzi. Jumanne zikaanza kupasuka. Mnajua namna muhogo unavyopasuka ukiiva? Hivyo hivyo, mstari mmoja kutoka kwenye kikonyo mpaka chini, na juisi inatoka. Kufika Jumatano shamba zima lilinuka siki. Nyuki walikuja, manyigu wakaja, na siafu nao wakapanga mstari kwenye nguzo zangu nilizosimamisha mwenyewe.

Patron alikuja na Engeniya siku hiyo hiyo. Alisimama pembeni, akaona tope kati ya safu, hakuthubutu kuingia kwa sababu ya nyuki.

"Nani amefungulia maji?"

Tulikuwa tumesimama mstari, watu kama kumi. Engeniya akasema, "Mwenye mambo ya maji humu ni yule mama. Yeye na makopo yake."

Patron akamgeukia. "Ni wewe?"

Maman Nsimire hakusema ndiyo wala hapana. Aliupitisha uso wake kwetu sote, polepole, akafika kwangu. Mimi nilikuwa natazama nyuki. Niliwatazama nyuki wale kwa bidii ambayo sijawahi kuitia kwenye kazi nyingine yoyote. Nilimwona mmoja ameingia mzima ndani ya punje, miguu tu iko nje, na nikajiambia nimwangalie atatokaje.

"Chukua vitu vyako," akasema Patron. "Leo."

Akaenda. Maman Nsimire alikuwa na chumba pale pale shambani, kitanda, sufuria, vitambaa vyake. Alikaa mle mpaka saa kumi jioni. Mimi nilipita mbele ya mlango ule mara nyingi, nikibeba vitu ambavyo havikuhitaji kubebwa. Saa kumi alitoka na furushi kichwani, akapanda pikapu iliyokuwa inakwenda Kamembe na mizigo ya mchele, na mimi nikamsaidia kuinua furushi. Aliniambia, "Aksanti, shefu."

Jumamosi ikawa karamu. Zabibu zilizoliwa ni za safu za chini, zile zilizobaki na majani yake na kiu yake. Zilikuwa ndogo, nyeusi, tamu mpaka vidole vinagandana. Mgeni mmoja kutoka Bukavu, mtu mnene mwenye kuvaa suti, alisema hajala zabibu kama hizo hata Ulaya. Patron akainua glasi. "Ni mbinu," akasema. "Nimesimamia mwenyewe, pamoja na Engeniya wetu." Watu wakapiga makofi. Engeniya akainamisha kichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na sahani, nimevaa shati jipya, na nilipiga makofi pia, kwa sababu sahani nilikuwa nimeshaiweka chini na mikono haikuwa na kazi.

Kama hadithi ingeishia hapo ningekuwa leo mkurugenzi wa kitu fulani.

Lakini mizabibu haijui karamu. Masika iliyofuata ilipofika katikati ikawa lazima tupogoe, na ile ya juu iliyoungua ilikuwa na matawi makavu nusu, mengine yamechubuka gome, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua akate wapi. Engeniya alikuwa ameshapata kazi ofisini, Kigali, na kitabu chake. Patron akaniambia, kama mtu anayekumbuka mwavuli aliousahau kwa jirani, "Mtafute yule mama. Mwambie arudi."

Nilivuka daraja la Rusizi kwa miguu, nikapanda mpaka soko la Kadutu, kule Bukavu. Nilimkuta anauza lengalenga, yaani mchicha, na vitunguu vya majani, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliniona kutoka mbali lakini akaendelea kufunga mafungu yake.

"Maman, Patron amesema urudi."

"Patron amesema," akarudia. "Na wewe unasema nini?"

Nilikuwa nimefanya mazoezi njia nzima, tangu Kamembe. Nikasema yote bila kupumzika: ni mimi niliyefungulia maji, Jumapili, watu wakiwa misani, niliona ukisingiziwa nikanyamaza, nilikuwa na mke mwenye mimba, niliogopa. Niliyasema haraka kama mtu anayetapika.

Akafunga fungu moja la lengalenga. Akalinyunyizia maji.

"Nilikuona," akasema.

"Uliniona wapi?"

"Nilirudi mbele misa haijaisha, miguu ilikuwa inaniuma. Nilikuona na jembe, matope mpaka hapa. Maji ilikuwa imeshajaa. Nikarudi ku barabara, nikangojea bengine, nikaingia nabo."

Sikuelewa. Nikamwuliza, "Sasa siku ile, mbele ya Patron, kwa nini hukusema?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Sadiki, mimi niko na kitanda moja, sufuria mbili, na vitambaa ine. Kufunga vile vitu ni kazi ya dakika ngapi? Nilifunga siku muzima. Nilikuwa nafunga, nafungua, nafunga tena. Nakuona unapita ku mulango na mifuko mitupu. Nikasema, atasema sasa. Akipita tena, atasema. Nilikupa siku muzima, mutoto wangu. Ulinipa mukono ya kuinua furushi."

Wanawake wa meza za jirani walikuwa wameacha kuuza, wanatusikiliza. Nikataka kupiga magoti pale pale kwenye maganda ya vitunguu, akanizuia kwa mguu.

"Usinichafulie soko. Musamaha ya hapa ni ya nini? Hapa nani anakujua? Ulinyamaza mbele ya bantu ya shamba. Enda useme kwa bale."

Nikarudi. Asubuhi, wafanyakazi wamekusanyika kugawiwa kazi na Patron yupo, nilisema. Nilikosea katikati, nikaanza upya. Nilipomaliza nilingoja wanipige, au wanitemee mate, au Patron anifukuze. Mwanamke mmoja wa wale walioimba safu za chini akasema, "Papa Sadiki, siye tulijua tangu siku ile. Tope ilikuwa ku masikio yako." Wakachukua majembe.

Nikabaki na Patron. Akasema, "Na mimi nilijua. Siku ya kazi wote wangeyaona maji. Kwa hiyo yalifunguliwa Jumapili, na wote walikuwa kanisani isipokuwa wewe. Unadhani mimi sijui kuhesabu siku?"

"Sasa kwa nini ulimfukuza yeye?"

Akatazama viatu vyake. "Alisema mbele ya Engeniya kwamba nitapika zabibu zangu."

"Na zikapikika, Patron."

"Ndiyo," akasema, kana kwamba ninamchosha. "Ndiyo maana."

Siku hiyo nilijifunza juu ya wenye mashamba zaidi ya nilivyojifunza juu ya mashamba. Muwe na kumbukumbu hiyo siku mtakapokuwa sahihi mbele ya mtu mwenye viatu vyeupe.

Maman Nsimire hakurudi kufanya kazi. Nilimfuata Kadutu mara nyingine, nikamwambia nimesema, akaniuliza walijibu nini. Nikamwambia walichukua majembe. Alicheka kwa sauti yake ile ya watu wawili mpaka akashika mbavu. Kisha akanikalisha kwenye ndoo nyingine, akachukua mabua ya vitunguu, akanionyesha kwa kisu namna ya kupogoa mzabibu ulioungua: unalikwangua gome kwa ukucha, ukiona kijani kata juu yake, ukiona kahawia shuka chini, usione huruma, mwaka huo usiutake matunda. Jioni nilirudi nyumbani nanuka vitunguu. Nilikata kama alivyosema. Mwaka ule safu za juu hazikuzaa kitu, Patron akapiga kelele, nikamwacha apige.

Alikuja mara moja tu, kiangazi cha mwaka uliofuata, siku ya jua kali, na mwavuli mweusi. Hakumsalimu Patron. Alipita safu zote kuanzia juu mpaka chini, mimi nyuma yake, kama siku ya kwanza, ila sasa sekateri ilikuwa mfukoni. Upande wa mawio majani yalikuwa yamepunguzwa. Upande wa machweo yalikuwa yote pale, yamefunika vishada. Makopo yalikuwa mahali pake na mabua ya mpunga yalikuwa yametandikwa. Tulipofika katikati ya shamba aliinama, akachuma punje moja, akaitafuna, akatema mbegu kiganjani. Mnajua anachotafuta mtu huyo? Mbegu ikiwa ya kahawia yote na inavunjika kwa jino kama njugu, zabibu imeiva, hata ulimi useme nini. Ikiwa bado na kijani, ulimi unakudanganya kwa sukari.

Aliitazama ile mbegu kwa muda. Akaigeuza kwa kidole. Mimi nilikuwa nimesimama kama mwanafunzi, mtu mzima, baba wa mtoto anayekimbia.

"Bado siku ine," akasema. "Usiguse."

Akafungua mwavuli wake akashuka barabarani kungoja gari. Patron alikuja jioni akataka tuvune kesho yake asubuhi. Nikamwambia bado siku nne.